Unapigana na nani? Mwongozo wa wu wei, kutenda bila kulazimisha

Sukuma chapati ambayo unga wake umetoka kukandwa sasa hivi, utaona. Unaipeleka huku, inarudi. Unakandamiza kifimbo, inajikunja. Unaongeza nguvu, inachanika katikati. Shangazi yangu, aliyepikia shughuli nyingi pale Tanga, alinikuta siku moja katika vita hiyo. Akaninyang'anya kifimbo, akayafunika madonge kwa kitambaa kibichi. "Uache ulale kwanza, mwanangu. Unapigana na nani?" Nusu saa baadaye donge lile lile lilifunguka chini ya kifimbo kama limeombwa kwa upole.

Kauli yake ilinirudia miaka mingi baadaye nilipoanza kusoma maandishi ya Utao, falsafa ya kale ya China, kwa sababu jambo wanaloliita wu wei linaanzia palepale kwenye swali lake.

Neno lenyewe ni herufi mbili za Kichina: wu, bila, wei, kutenda. Tafsiri ya haraka ni "kutotenda", na imewaponza wengi. Mmoja anaisoma kama ruhusa ya kulala hadi saa nne. Mwingine anaidharau kwa sababu hiyohiyo. Lakini Daodejing, kitabu kidogo kinachohusishwa na Laozi, mwanahekima wa kale wa Utao (sura 81, herufi zipatazo 5,000 tu, ukikianza baada ya magharibi unakimaliza kabla ya kulala), kinasema pia wei wu wei: utende huko kutotenda. Kutenda kupo, basi. Kinachotolewa ni kulazimisha. Neno linalotembea nalo ni ziran, ambalo ukilifasiri neno kwa neno ni "hivyo chenyewe": kitu kuwa kilivyo kwa asili yake, pasipo kusukumwa. Gluteni, protini ya ngano, hukaza unapoukanda unga na hulegea ukiuacha. Shangazi hakuulegeza. Aliupa nafasi ulegee wenyewe, lakini kumbuka kwamba kabla ya hapo alikuwa ameukanda barabara.

Hilo la mwisho ndilo litakalokufaa kuliko yote katika mwongozo huu. Wepesi unaouona kwa mtu anayetenda kwa wu wei umelipiwa mapema. Jasho limetoka wakati hukuwepo.

Hatua ya 1: Anza na kazi moja ya mikono

Usianze na "maisha yangu". Maisha ni makubwa mno, utaishia kutafakari dari. Chagua kazi moja unayoifanya karibu kila siku na inayoonekana: kukata mboga, kufua, kusuka nywele, kushona, kuendesha pikipiki, kupalilia, hata kuandika kwenye kompyuta.

Sijaitoa hewani. Zhuangzi, mwandishi mkubwa wa pili wa Utao, aliyeishi karne ya 4 KK, anapotaka kuonyesha jambo hili huwaacha wasomi kando. Anakuletea mpishi anayechambua ng'ombe, fundi wa magurudumu, mchonga stendi za kengele, mwogeleaji kwenye maporomoko, na mzee mwenye kibyongo anayenasa nyenje kwa ufito kana kwamba anawaokota chini. Huyo mzee, akiulizwa, anaeleza mazoezi yake: alianza kwa kusawazisha vitufe viwili kwenye ncha ya ufito, akaenda vitatu, akafika vitano. Umeona? Hata mzee wa nyenje alikuwa na ratiba.

Hatua ya 2: Wiki moja ya kutazama tu

Kwa siku saba fanya kazi yako kama kawaida, usirekebishe chochote, ila angalia mwili unabana wapi. Sehemu za kukagua ni chache: meno, mabega, pumzi, na mkono usio na kazi. Jioni andika mistari miwili: nilibana wapi, na nini kilitokea muda mfupi kabla.

Mimi nilichagua kukata vitunguu. Siku ya tatu nikagundua kwamba bega langu la kushoto, ambalo halina kazi yoyote pale, linapanda hadi karibu na sikio kila ninapofika katikati ya kitunguu. Nikajiuliza linaogopa nini. Siku ya tano nikapata jibu, nalo lilinitia aibu: kisu kilikuwa butu. Kisu butu kinateleza kwenye ganda, mkono unajua hivyo, bega linajiandaa kwa ajali. Miezi mingapi nimekuwa nikiulipia ubutu wa kisu kwa maumivu ya shingo, huku nikisema ni uzee?

Ndiyo maana nasema usirekebishe mapema. Ningeanza kwa kulishusha bega ningekuwa nimeongeza vita ya pili juu ya ile ya kwanza.

Hatua ya 3: Jua mifupa iko wapi

Hapa tukae kidogo.

Katika sura ya 3 ya kitabu cha Zhuangzi, mpishi aitwaye Ding anachambua ng'ombe mbele ya Bwana Wenhui. Mkono unagusa, bega linaegemea, mguu unakanyaga, goti linakandamiza, na kisu kinaimba kwa mapigo kama ya ngoma. Bwana anastaajabu: ufundi unaweza kufika hapa? Ding anaweka kisu chini na kujieleza. Alipoanza kazi, anasema, alichokiona mbele yake ni ng'ombe, ng'ombe mzima. Baada ya miaka mitatu hakumwona tena ng'ombe mzima. Sasa hata macho hayatumii sana. Mpishi mzuri hubadili kisu mara moja kwa mwaka, kwa sababu anakata. Mpishi wa kawaida hubadili kila mwezi, kwa sababu anapasua mifupa. Kisu cha Ding kina miaka 19, kimepita kwenye maelfu ya ng'ombe, na makali yake ni kama yametoka kwenye jiwe la kunolea. Siri yake ni kwamba kati ya viungo pana nafasi, na makali ya kisu hayana unene. Kisicho na unene kikiingia penye nafasi, kina uwanja mpana wa kucheza.

Wasomaji hushangilia ile 19 wakairuka ile mitatu. Zhuangzi hatuambii Ding aliharibu visu vingapi katika miaka hiyo mitatu. Mimi nadhani alimtia hasara bwana wake. Asiyejua viungo vilipo, akiambiwa "fanya kwa wepesi", atapasua mfupa kwa wepesi.

Kwa hiyo, baada ya wiki ya kutazama, tumia mwezi mmoja kujifunza maungo ya kazi yako. Kila kitu kina njia kinayopenda kufunguka. Nywele zilizofungana huchanwa kuanzia ncha, ukipanda kidogo kidogo. Anza kwenye mizizi na mtoto atalia hadi majirani waje. Nyama ina nyuzi, na anayeikata kwa kukatisha nyuzi hizo hahitaji meno ya simba baadaye. Kitambaa kina mwelekeo wake, na shati lililokatwa bila kuujali litavutika upande mmoja hata lipigwe pasi mara ngapi.

Namna ya kujifunza ni tatu, na zote hazina mvuto. Ifanye kazi polepole kuliko kawaida, mara moja kwa siku. Mtafute aliyeifanya miaka 20, umtazame mikono badala ya kumhoji, kwa sababu wengi wa hao hawajui wanachokijua. Na ukikosea, usifiche kosa haraka. Libebe mkononi uone lilipasukia wapi.

Hilo la mikono kuliko maneno nalo lina kisa chake. Fundi wa magurudumu aitwaye Bian anamwambia mfalme anayesoma vitabu kwamba pigo likiwa taratibu mno patasi inateleza, likiwa la haraka mno inakwama. Penye katikati mkono unapajua ila mdomo hauwezi kupasema. Ana miaka 70, anachonga bado, kwa sababu hata mwanawe ameshindwa kumrithisha kwa maelezo. Mwandishi wa miongozo akisoma kisa hicho hujisikia ovyo kidogo.

Hatua ya 4: Penye fundo, punguza mwendo

Kisa cha Ding kina sehemu ya pili inayosahaulika. Anakiri kwamba bado hukutana na mahali pagumu, panapokutana mishipa na viungo. Akifika hapo hujihadhari. Macho hutulia, mwendo hupungua, kisu husogea kidogo, kidogo sana. Mara, pwa! Nyama yote inaachia kama bonge la udongo lililoanguka.

Sisi hufanya kinyume. Penye ugumu ndipo tunapoongeza nguvu. Tazama mtu aliyekwamisha ufunguo kwenye kitasa usiku, mvua inanyesha: anazungusha, anazungusha zaidi, anakunja uso, na mara kipande cha ufunguo kinabaki ndani. Fundi wa vitasa hufanya nini? Anaurudisha ufunguo nje unywele mmoja, anautikisa, anasikiliza kwa vidole.

Zoezi ni hili. Ile dalili uliyoiandika katika wiki ya kutazama (bega, meno, pumzi) iwe sasa kengele yako. Ikilia, usisimame, na usiongeze nguvu. Punguza mwendo kwa nusu na endelea. Usisimame, kwa sababu ukisimama utaanza kufikiria, na kufikiria katikati ya kitunguu hakujamsaidia mtu. Wiki mbili za mwanzo utajikumbusha ukiwa umeshachelewa, kisu kimeshateleza. Ni kawaida. Baada ya hapo kengele huanza kulia kabla.

Hatua ya 5: Chimba mfereji kabla ya mvua

Ukitaka kuona wu wei kwa ukubwa wa mto, nenda kwa mawazo hadi Sichuan, China ya kusini-magharibi. Mto Min unashuka milimani kwa kasi na kuingia tambarare ya Chengdu. Zamani ulikuwa ukifurika na kuua, kisha upande wa pili wa tambarare unakauka. Mnamo mwaka 256 KK hivi, Li Bing, gavana wa Shu (jina la kale la eneo hilo) chini ya dola ya Qin, alianza kazi inayojulikana leo kama Dujiangyan.

Hakuuziba mto. Katikati ya maji alijenga tuta lenye ncha kama mdomo wa samaki, kwa vikapu virefu vya mianzi vilivyojazwa mawe, likaugawa mto mara mbili. Mkondo wa ndani ni mwembamba na wa kina. Wa nje ni mpana na wa kina kifupi. Maji yakiwa machache hufuata kina, na sehemu kubwa, kama asilimia 60, huelekea mashambani. Mafuriko yakija, kina hakitoshi tena, na sehemu kubwa hutawanyika kwenye upana wa mkondo wa nje na kwenda zake. Mto wenyewe ndio unaojigawa, mchana na usiku, bila mtu kusimama na tochi. Sehemu ya mchanga nayo hutolewa na maji yale yale kwenye mapindo ya mkondo.

Lakini tazama bei yake. Ili maji ya mkondo wa ndani yapite kwenda tambarare, ilibidi mwamba wa mlima ukatwe, na baruti haikuwepo. Walikokea moto juu ya jiwe hadi likaiva, wakalimwagia maji likapasuka, wakaondoa vipande, wakakoka tena. Inasimuliwa kwamba ilichukua miaka minane. Na kila majira ya baridi, maji yakiwa chini, vizazi na vizazi vilirudi kuchimba mchanga, wakiongozwa na kauli fupi ya wahenga wa pale: chimba sakafu ya mto iwe ya kina, jenga kizuizi kiwe kifupi. Dujiangyan bado inamwagilia mashamba hadi leo, zaidi ya miaka 2,200 baadaye. UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, pamoja na mlima jirani wa Qingcheng, mmojawapo wa milima mitakatifu ya Utao. Sidai kwamba Li Bing alikuwa Mtao, alikuwa mtu wa serikali yenye mkono mzito. Ila sijaona mahali pengine ambapo wazo hili limesimama kwa mawe na maji namna ile.

Sasa rudi nyumbani. Ukitaka kuacha kushika simu usiku wa manane, usipigane na mkono wako saa sita. Saa sita mkono una nguvu kuliko wewe. Simu ilale sebuleni tangu saa tatu, na saa ya kengele ya kawaida ununue sokoni. Ukitaka kuweka akiba, mchango wa kikoba utoke siku ileile mshahara unapoingia, kabla hujaanza kuujua kwa jina. Ukitaka kuamka kukimbia, viatu vikae mlangoni, vimefunguliwa kamba. Tafuta ni lini unashindwa, kisha rudi nyuma saa tatu au siku tatu, upachimbe hapo. Laozi katika sura ya 64 anasema kitu kilichotulia ni rahisi kukishika, na jambo hushughulikiwa kabla halijatokea. Ni sura ileile yenye safari ya maili elfu inayoanzia chini ya unyayo, ambayo wengi huijua wakaiacha hii.

Na usisahau mchanga. Mfereji wowote hujaa. Kila miezi mitatu kagua: simu imerudi chumbani kwa sababu ya "dharura" gani?

Hatua ya 6: Ondoa kimoja

Fupi tu. Sura ya 48 ya Daodejing inasema anayefuata elimu kila siku huongeza. Anayefuata Tao, yaani Njia, kila siku hupunguza. Katika kazi uliyochagua, kila wiki ondoa kitu kimoja: mwendo usiohitajika, chombo kisichotumika, kikao, kiungo cha ziada kwenye mchuzi. Fanya wiki nzima bila hicho. Kikikosekana kweli, kirudishe. Mimi nilirudisha tangawizi.

Hatua ya 7: Ndipo uje kwa watu

Nimeiweka mwishoni makusudi, maana wengi huanzia hapa na huumia. Mtu ana maungo magumu kuliko ng'ombe.

Sura ya 60 inasema kutawala nchi kubwa ni kama kupika samaki mdogo. Aliyewahi kukaanga vibua wadogo hahitaji ufafanuzi: ukiwageuza-geuza, unabaki na uji wa samaki na miiba. Mafuta yapate moto kwanza, samaki akaukiwe, geuza mara moja. Niliposimamia wenzangu watano kazini kwa mara ya kwanza nilikuwa nikiuliza kila saa, "Imefikia wapi?" Kazi ikachelewa, kwa sababu watu watano walikuwa wakiandaa majibu. Nilipobadilisha, nilitumia asubuhi nzima ya Jumatatu kuhakikisha kila mmoja ana anachohitaji na anajua mwisho wa kazi unafananaje, kisha nikanyamaza hadi Alhamisi. Jumanne ilikuwa ndefu, sikufichi.

Kwa watoto kuna kisa kizuri zaidi, ingawa kinatoka kwa Mencius, mfuasi wa Confucius, si kwa Watao. Mtu wa nchi ya Song aliona miche yake haikui upesi, akaenda shambani akaivuta mmoja mmoja juu kidogo. Akarudi nyumbani hoi: "Leo nimechoka, nimeisaidia miche kukua!" Mwanawe akakimbia kwenda kuangalia, akakuta imenyauka yote. Wachina wanaitumia hadithi hiyo kama msemo hadi leo. Mencius mwenyewe aliongeza kwamba wapo pia wanaoacha shamba bila kupalilia kwa kudhani hakuna faida, nao wamekosea. Mtoto anayejifunza kusoma apate taa, kitabu, usingizi na mtu wa kumsomea. Huko ndiko kupalilia. Kumsomesha neno lilelile kwa kelele saa mbili usiku, ni kuvuta mche.

Mahali ambapo haifai

Nyumba ikiwaka moto, kimbia. Mtoto akipata degedege, peleka hospitali, usingoje ziran yake. Na mtu akikudhulumu mshahara, asikuimbie wu wei. Sura ya 75 ya Daodejing inasema wazi kwamba watu wana njaa kwa sababu walio juu yao wanakula kodi nyingi mno. Kitabu hicho hakikuandikwa ili maskini wanyamaze. Dai haki yako, ila tumia Ding: tafuta kiungo kiko wapi, barua gani, ofisi gani, siku gani, shahidi yupi, badala ya kupiga mfupa kwa kisu.

Wapo watakaouliza kama zoezi hili linagongana na dini zao. Utao una pande mbili, fikra hizi za kale na dini yenye makuhani na mahekalu, iliyoanza kujipanga katika karne ya 2 BK. Kunoa kisu na kutazama bega hakukuingizi kwenye hekalu la mtu. Waislamu watakumbuka Mtume alivyomwambia yule bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Mungu.

Hatua ya 8: Kusimama

Ndugu yangu mmoja anapika chapati nzuri mno hadi ile dakika ya mwisho, anapoirudisha tena chumani "ipate rangi kidogo". Inakuwa kigae. Sura ya 9 inaonya juu ya chombo kinachojazwa hadi pomoni na upanga unaonolewa kupita kiasi: bora kuacha kwa wakati. Kabla hujaanza kazi, amua dalili ya kumaliza ni ipi, uitaje kwa sauti: madoa ya kahawia matatu au manne, mshono wa mwisho kufungwa, ukurasa kusomwa mara mbili. Dalili ikitokea, ondoa mikono.

Ding, ng'ombe akishaachia, husimama na kisu mkononi, huangalia huku na huku, hukawia kidogo akiwa ameridhika. Kisha hukifuta kisu na kukirudisha mahali pake. Fanya hivyo nawe. Pumzi tatu, futa kisu, kikaushe vizuri kisipate kutu, kirudishe. Na kama kesho kuna chapati, kanda unga usiku huu, upake mafuta, uufunike.